Ng'ombe Aliyeinua Jipu

Ng'ombe waliingia zizini jioni ile mmoja mmoja, kama kawaida yao, na Gaju hakuwamo.

Kamaliza alikuwa amesimama mlangoni pa zizi na chombo cha mti cha kukamulia, kimeoshwa na kufukizwa moshi wa nyasi. Kukamua ilikuwa kazi ya wanaume. Kazi yake yeye ilikuwa chombo, na tangu aolewe hakuna jioni aliyokileta kichafu. Alisubiri. Mchunga ng'ombe akapita mbele yake akiangalia chini, akavuta mti wa mlango na kuufunga, kana kwamba kundi limetimia.

"Umefunga, na Gaju iko inje," Kamaliza akamwambia.

Yule mtu akaanza kuhangaika na kamba ambayo haikuwa na shida yoyote. "Uulize mukubwa, Mama."

Mkubwa alikuwa Rukara, kaka wa mume wake Makuza, ambaye aliketi kando ya moto wa zizi akiusukuma moshi uwafukuzie ng'ombe nzi.

"Imefuata ile gari, jipu," alisema Rukara bila kugeuka. "Makuza ameondoka nayo asubui. Inaenda kwa fundi."

"Ng'ombe inaenda kwa fundi kufanya nini?"

"Kuleta resori za jipu. Si mulishapatana?"

"Nani alipatana?"

Hapo Rukara aligeuka. Usoni hakuwa na hila yoyote, alikuwa ameshangaa tu, na hilo ndilo lililomtisha Kamaliza kuliko yote. "Weye mwenyewe, Mama Emérita. Ulimupa fundi maziwa ya Gaju kwa mikono yako mbili, mbele yetu wote. Sasa ulitaka tukuulize mara ngapi?"

Kamaliza alikiweka kile chombo chini. Hakukitundika mahali pake. Alikiweka chini kwenye samadi, kikalala ubavu, na wala hakuona kwamba amefanya hivyo. Aliona tu mdomo wa Rukara ukiendelea kusema, maneno yasimfikie. Aliingia nyumbani akishika ukuta.

Ili mtu aelewe, lazima ajue Gaju alikuwa nani na jipu lilikuwa nini.

Kamaliza alizaliwa Jomba na akaolewa Nyamitaba, wakati Wazungu walipokuwa wakipigana vita vyao vya pili. Shule hakuijua. Darasa aliloingia lilikuwa la katekisimu, na pale alijifunza kwa kukariri, kama watu wote wa rika lake. Alizaa watoto watano, akazika wawili. Katika nyumba ya Makuza hakuwa na kitu cha kuita chake, ila kimoja. Alipokwisha kuolewa, baba yake alituma ng'ombe amfuate, maana kwao binti haachwi aingie ukweni mikono mitupu. Ng'ombe yule akazaa, mtoto wake akazaa, na mjukuu ndiye Gaju: mwenye rangi ya mchanga, na doa jeupe ubavuni lenye umbo la jani la ndizi lililochanika. Ng'ombe wa namna hiyo hukaa zizini mwa mume, hukamuliwa pamoja na wengine, lakini hatoki kwenda popote bila mke mwenyewe kusema ndiyo. Hiyo haikuwa sheria ya serikali. Ilikuwa desturi yao, na watu walioacha mengi kwa ajili ya ubatizo hawakuiacha hiyo.

Sasa Gaju alikuwa na mimba, na ahadi yake ilikuwa imekwisha kutolewa. Emérita, binti wa kwanza wa Kamaliza, aliolewa Mweso Pasaka iliyopita. Ng'ombe wa kumfuata, ndiye Gaju, alikuwa bado. Kila alipokuja kusalimia, Emérita alisema mama mkwe wake haulizi kitu, ila kila jioni anatoka na kuangalia njia.

Jipu nalo lilikuwa la Mzungu mmoja aliyelima pareto. Makuza alikuwa shofa wake kwa miaka mingi, akimpeleka kanisani na kumrudisha kutoka kwenye pombe. Yule Mzungu aliporudi kwao, mwaka wa hamsini na nne, alimwachia Makuza lile jipu, bovu kama lilivyokuwa, akisema halistahili kupandishwa meli. Makuza alilifufua. Akawa analibebea maziwa ya vilima viwili vya kwao hadi kwenye kiwanda cha siagi, na watu wakawa wanamwita kwa heshima. Lakini moyo wake haukutulia. Alikuwa amesikia habari za Itebero, kule msituni upande wa Walikale, ambako watu wa machimbo hukaa bila siagi, bila viazi, bila maharage ya milimani, wakila mihogo na samaki wa kukausha. Alisema anayeweza kufika huko na gari hatalala njaa tena. Tatizo lilikuwa barabara. Malori ya machimbo yalikuwa yameichimba vibaya, magurudumu yamechonga mifereji miwili mirefu, na katikati kumebaki tuta. Lori hupita juu ya tuta hilo. Jipu hulikalia.

Ndipo akamleta Grégoire. Huyu alikuwa fundi kwenye garaji ya kambi moja ya machimbo, mwanzoni mwa msitu, mtu wa upande wa Walikale, mcheshi, mwenye mikono ambayo mafuta yameingia hadi kwenye mistari ya viganja. Alipanda hadi Nyamitaba kwa lori, akalala chali chini ya jipu, na wanaume wakalizunguka. Rukara aliinama akachungulia chini jinsi anavyochungulia kiwele cha ng'ombe wa mtu.

"Tumbo yake iko chini sana," sauti ya Grégoire ilitoka chini ya gari. "Kule itakaa juu ya barabara kama chura."

"Dawa yake?" Makuza akauliza.

"Kuinua." Grégoire akatoka, akaketi kwenye majani. Akawaonyesha resori, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambazo ndizo hubeba mwili wa gari. "Hizi zimechoka. Mi niko na za lori, nene. Naongeza bapa, naweka kipande ya chuma katikati, pine kubwa za magurudumu chini. Inasimama hivi." Akajipiga kifuani.

Rukara alipenda mara moja. Kwao ng'ombe wa kuimbiwa ni mrefu wa miguu, na kwake yeye kitu chochote chenye miguu minne kilipimwa kwa kipimo hicho. "Miye niliona haya siku nyingi," alisema. "Jipu ya mwanaume, fupi hivi, kama mbuzi ya Hakorimana."

Hakorimana, jirani yao mkulima, alikuwa amesimama pale na jembe begani. "Mbuzi yangu iko fupi, na bado haijabiringika kwa kilima hata siku moja," alisema. "Ya kwenu tutaona."

Wakacheka. Kisha Makuza akauliza fundi anataka nini, na fundi akasema ng'ombe mmoja anatosha. Kamaliza alitoka na maziwa wakati uleule. Neno la ng'ombe alilisikia, akadhani wanasema dume dogo la Makuza ambalo halikuwa na kazi. Mgeni ni mgeni. Alipiga goti, akampa kwa mikono miwili, akanyamaza, kama anavyonyamaza mwanamke aliyelelewa. Grégoire akanywa yote, akafuta mdomo, akauliza ni ya ng'ombe gani.

"Ya huyu Mama," Rukara akajibu. "Ya Gaju. Amekupa mwenyewe, unaona."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Kamaliza akapokea chombo kitupu, akarudi jikoni. Hakujua kwamba mlangoni pake mwenyewe, kwa goti lake mwenyewe, amekwisha kutoa ng'ombe wake mbele ya mashahidi.

Siku zile za kumngoja Makuza, hayo ndiyo aliyoyarudia kichwani, jikoni na kisimani, mpaka akaanza kujiuliza kama kweli alisema neno na amelisahau. Hii ndiyo dhuluma ya namna yake. Mtu anakunyang'anya kitu, na wewe unabaki kujikagua mikono yako.

Makuza hakurudi. Hakorimana ndiye aliyeleta habari, akitoka kuuza maharage njiani kuelekea Nyabiondo. "Jipu yenu nimeiona," alisema. "Wameitoa miguu, iko juu ya mawe. Bwana yako analala ndani yake, ananenepa."

"Na Gaju?"

"Gaju sikuiona, Mama. Sikuuliza. Ningejua, ningeuliza."

Kesho yake alfajiri Kamaliza akafunga kitambaa kichwani, akatia viazi vya kuchemsha katika kikapu, akatoka. Rukara alimwita kutoka kwake: "Unaenda kuaibisha muntu kazini kwake?" Aliendelea na njia.

Alipita Masisi, akalala kwa binamu yake, akaendelea. Barabara ilipoanza kushuka, hewa ikawa nzito na ya joto, vilima vya majani vikaisha na miti ikasogea njiani. Hakuona kinyesi cha ng'ombe mahali popote. Aliliona hilo, akalipita. Mbele kidogo alikutana na wanawake watatu wakitoka kambini na mafurushi ya majani mabichi vichwani, wamechangamka.

"Mama, pole na safari," mmoja akamsalimia. "Fanya mbio. Leo kwa kambi iko nyama."

Kamaliza akawashukuru. Alijua watu wa msituni hula nyani na nguruwe mwitu, na mambo yao aliwaachia wenyewe.

Jipu alilitambua kutoka mbali, kisha alipolikaribia akapoteza uhakika. Lilikuwa limesimama mbele ya garaji juu ya magurudumu makubwa ambayo hakuyajua, limeinuka kiasi kwamba aliona chini yake hadi upande wa pili, na upande wa pili aliona miguu ya mume wake. Makuza akainama, akamwona kupitia chini ya gari. Badala ya kuzunguka, akapita pale chini kama mtoto, akatokea kwake akicheka.

"Mama Emérita. Umeona? Umeona namna imekuwa?"

"Gaju iko wapi?"

"Iko kwa kambi; siku mbili sijatoka hapa kwa jipu. Nimewaambia kabisa: ni ng'ombe ya heshima, ina mimba, muipe majani mazuri. Sikiliza. Hakuna kitu tumepoteza. Ikizaa jike ya kwanza, watarudisha kwetu. Njo ile tutapeleka kwa Emérita."

Alisema hayo kwa uso uliotulia. Na hapa ndipo mtu anapaswa kumwelewa Makuza, ingawa Kamaliza hakumwelewa siku ile na baadaye hakutaka. Kwao ng'ombe akitolewa hatoki moja kwa moja. Anayempokea humtunza, na siku moja humrudishia mtoaji ndama jike, na hapo urafiki hukua. Makuza alikuwa ametoa ng'ombe maisha yake yote, akapokea ng'ombe maisha yake yote. Kwamba kuna mtu duniani anaweza kupewa ng'ombe mwenye mimba na asijue maana yake, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Nataka kumuona," Kamaliza akasema.

"Twende. Iko nyuma ya jiko, walimufunga pale."

Wakazunguka jiko la kambi. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye mti. Hatua chache kutoka pale, kwenye uwanja uliofagiliwa, ngozi ilikuwa imetandazwa juani, imevutwa kwa vijiti pande zote. Ilikuwa ya rangi ya mchanga. Nzi walikuwa wamejaa juu yake. Ubavuni, sasa kubwa kuliko alivyolikumbuka kwa sababu ya kuvutwa, lilikuwepo lile doa jeupe lenye umbo la jani lililochanika.

Kamaliza alilitazama bila kulielewa. Macho yalikwisha kuona na kichwa kilikuwa bado njiani. Aliwaza upumbavu: kwamba Gaju amevua ngozi, kwamba yuko karibu, anasikia baridi. Kisha akasikia mlio kando yake, kama wa mtu aliyepigwa tumboni, akadhani ni yeye. Alikuwa Makuza. Amechuchumaa. Amenyoosha mkono, ameshika ukingo wa ile ngozi kwa vidole viwili, anaugeuza na kuugeuza, kama mtu anayetafuta upande wa pili wa jambo.

Grégoire akaja akipangusa mikono. "Ah, Mama ya maziwa," alisema kwa furaha. "Karibu. Nimekuwekea bwana yako fungu yake, muguu muzima, iko kwa moshi."

"Ng'ombe yetu iko wapi?" Makuza akauliza.

"Ng'ombe gani?"

"Ile nilikuletea."

Grégoire akaitazama ngozi, akamtazama Makuza, akaitazama ngozi tena. "Papa, si hii? Watu wa kambi wanakula tangu jana. Wengine walikuwa hawajaona nyama ya ng'ombe tangu Noeli."

"Nilikuletea ng'ombe."

"Ng'ombe njo nyama."

"Nilikuletea ng'ombe, Grégoire. Hai. Ikitembea."

"Yote inakujaka ikitembea, Papa. Hapa tungeifuga namna gani? Majani iko wapi? Nzi za hapa zingeimaliza mbele ya mwezi kuisha." Alianza kuogopa, na maneno yakamjia mengi. "Miye nilitoa resori za lori, mukatoa nyama. Nani alisema ingine? Semeni. Hakuna hata mumoja wenu alisema."

Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna Nyamitaba aliyedhani linahitaji kusemwa.

"Alikuwa na mimba," Kamaliza akasema.

Grégoire alishusha macho. "Mupishi aliniambia," alijibu polepole. "Kisha kufungua tumbo yake."

Kamaliza akaketi. Hakuchagua mahali; aliketi pale alipokuwa, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele kama mgonjwa. Hakulia. Mwanamke mmoja wa jikoni alimletea maji, akayashika bila kuyanywa, na muda ukapita ambao baadaye hakuweza kuukumbuka. Alichokumbuka ni Makuza akitapika nyuma ya mti, na kwamba hilo halikumpa faraja yoyote.

Fundi ndiye aliyerudi kwanza. Akachuchumaa mbele yake, kofia mkononi.

"Mama, ng'ombe siwezi kurudisha. Lakini ukisema nitoe resori, nitatoa leo leo. Naweka zile za zamani, munaenda vile mulikuja. Sitasema kitu."

Makuza, midomo bado imelowa, alimtazama mke wake. Katika miaka yote ya ndoa yao hiyo ilikuwa mara ya kwanza gari lile linajadiliwa na macho yote yako kwake. Mara ya kwanza, na Gaju amekwisha kuliwa.

"Zikitoka, itakuwa nini?" akauliza.

"Itabakia ya Nyamitaba. Itebero haitafika hata siku moja."

"Na zikibakia?"

Grégoire hakuficha. "Zikibakia, matope itapita, hata ile mubaya. Lakini sasa iko juu, Mama, na haikuongezeka upana. Kwa barabara ya kulala upande, kama zenu kule juu, itataka kuanguka. Nilimwambia Papa."

"Ulimwambia lini?"

"Siku ya maziwa. Walikuwa wanacheka."

Kamaliza alifikiri. Watu husema mwenye uchungu hafikiri. Yeye alifikiri vizuri kuliko siku nyingine zote. Akiziondoa, Makuza atarudi kama alivyotoka, na Gaju atakuwa amekufa ili watu wasiowajua walambe vidole. Mweso wataendelea kuangalia njia. Akiziacha, angalau kuna kitu kilichobaki cha ng'ombe yule, hata kama ni chuma, hata kama kitawaua.

"Ziache," akasema.

Mguu wa nyama aliukataa. Makuza naye hakuugusa. Wakaondoka wakiuacha kwenye moshi.

Kwenye tope la msituni jipu lilipita kama Grégoire alivyosema. Tuta la katikati lilipita chini ya tumbo lake bila kugusa, na malori mawili yaliyokwama yakapigiwa honi. Safari nyingine Makuza angeimba. Sasa alishika usukani na wala hakumtazama mke wake. Walilala Masisi kwa yule binamu, ambaye aliwasifia gari mpaka akaona nyuso zao akaacha.

Shida ilianza kesho yake, karibu na nyumbani. Pale barabara imechongwa ubavuni mwa kilima, na mvua imeila upande wa bonde hata inalala kama paa. Jipu la zamani lilipita hapo kila siku na bidoni zake za maziwa. Jipu hili jipya liliingia, likainama upande wa bonde, likaendelea kuinama. Kamaliza aliona mbingu mahali ambapo angeona kilima. Makuza akakanyaga breki. Upande wa juu gurudumu la nyuma lilikuwa linagusa ardhi kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Shuka polepole," Makuza akanong'ona. "Upande wa juu. Polepole."

Akashuka. Gari likatikisika, likatulia.

"Sasa simama pale kwa chuma, inje, upande wa kilima. Ning'inia kabisa, weka kilo zako zote. Ukishika hivyo, nitapita."

Kamaliza alisogea, lakini hakupanda. Alisimama barabarani, mikono imefungwa kifuani, akimtazama mume wake aliyeketi upande wa bonde, mguu kwenye breki. Breki ya mkono haikuwahi kufanya kazi tangu enzi za Mzungu. Makuza hangeweza kuinua mguu ule, wala kushuka.

"Mama Emérita, panda."

"Bihogo itaenda Mweso," akasema.

Bihogo alikuwa ng'ombe wa Makuza mwenyewe, mwekundu wa kuiva, mrefu, mwenye pembe ambazo wageni walikuja kuzitazama. Makuza alimtungia sifa na kumwimbia jioni.

"Bihogo?" Makuza alisema, kana kwamba hajasikia. "Panda kwanza. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tuliongea, nikatoa maziwa."

Juu ya barabara, katika shamba la maharage, Hakorimana na mke wake walikuwa wameacha kupalilia. "Makuza," Hakorimana aliita, "jirani, unafanya nini pale? Unapumzika?"

"Shuka unisaidie, ndugu yangu."

"Asishuke kusaidia," Kamaliza akasema, kwa sauti ya kawaida. "Ashuke kusikia."

Hakorimana akashuka, akasimama kando yake. Alilitazama jipu kutoka juu hadi chini, akaguna. Makuza alikuwa anatoka jasho, na mguu wake wa breki ulianza kutetemeka, na gari nalo likatetemeka naye.

"Bihogo itaenda Mweso, kwa Emérita," alisema hatimaye, akitazama mbele. "Kwa pahali ya Gaju."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Hakorimana umesikia?"

"Nimesikia," Hakorimana akasema. "Miye sina ng'ombe hata mukia, leo mumenifanya shahidi ya ng'ombe. Lakini nimesikia. Na mwanamuke yangu kule juu amesikia, na yeye hasahau." Kisha akapanda kwenye chuma upande wa kilima, na Kamaliza akapanda kando yake, wakaning'inia wote wawili, migongo ikikwaruzwa na majani ya ukingo, na jipu likapita.

Rukara alitoka kulipokea. Alilizunguka mara mbili, akalipiga ubavuni kwa kiganja, akasema sasa ni jipu la mwanaume. Alipoambiwa habari ya Gaju hakuamini. Akaenda kumuuliza mdogo wake faraghani, akarudi akaketi kando ya moto wa zizi mpaka ng'ombe wakarudi.

Jipu liliendelea kwenda Itebero, na lilirudi na vitu, na kila lilipovuka ubavu ule wa kilima lilikuwa na watu wa kuning'inia upande mmoja. Kamaliza hakulipanda tena. Watu walisema amekuwa mwanamke wa roho ngumu, aliyemnyang'anya mumewe ng'ombe barabarani. Maneno hayo yalimfikia, na hakuyakanusha.

Bihogo aliondoka wiki ileile. Kamaliza alimpeleka mwenyewe kwa miguu, pamoja na mchunga ng'ombe na wanaume wawili wa ukoo. Mweso walipokelewa vizuri. Mama mkwe alikuwa ametoka nje, anaangalia njia, na alipoziona zile pembe zikipanda mlimani aliweka mkono kifuani. Sifa zilisemwa, pombe ikanywewa. Hakuna aliyeweza kusema binti yule aliingia mikono mitupu.

Emérita alingoja wageni wakae. Akazunguka ng'ombe, akampapasa ubavuni pale ambapo doa lingekuwa, akaja kwa mama yake aliyeketi pembeni.

"Mama, huyu si Gaju."

"Hapana."

"Gaju alizaa?"

Kamaliza alifungua mdomo. Kwao mtu husema ng'ombe amelala, ng'ombe ametutoka; lile neno jingine, la mdomo na meno, halisemwi juu ya ng'ombe mwenye jina. Alilitafuta neno ambalo lingefaa, akaona mbele yake uwanja uliofagiliwa, na vijiti pande zote za ngozi.

"Nipe maji, mwanangu," akasema. "Njia ilikuwa ndefu."